Baiskeli ya Stima: Ununue Mpya, au Uivalishe Mota Mamba Uliyo Nayo?

Wadau, leo tuweke kando habari za seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu magurudumu mawili. Kuna swali ambalo huulizwa sana na jamaa wa hapa Kitale na wale wa kule Bungoma. Mtu ana baiskeli nzima na ana akiba kidogo. Je, anunue baiskeli ya umeme iliyotoka kiwandani ikiwa kamili, au anunue mota na betri, ampe fundi, aivalishe ile ile aliyo nayo?

Wengi wanaouliza wanataka kujua bei tu. Bei ni muhimu, sikatai. Lakini swali hili ni la zamani kuliko sisi sote, na limeshajibiwa zaidi ya mara moja: Marekani, Japani, Nairobi, na hata hapa kwetu magharibi mwa Kenya. Kwa hiyo, kabla ya kufungua pochi, hebu tufungue historia kwanza.

Tuanze mbali. Tarehe 31 Desemba 1895, Mmarekani mmoja aitwaye Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli ya umeme. Ukitazama michoro yake utashangaa: mota imekaa katikati ya gurudumu la nyuma, na betri imening'inia ndani ya fremu. Mota hiyo ilitumia volti 10 na ingeweza kuvuta hadi ampea 100. Yaani mpangilio ambao leo unauzwa ndani ya boksi kama kitu kipya ulishachorwa kabla reli ya Uganda haijaanza kujengwa Mombasa! Wazo halikukosekana. Kilichokosekana ni betri. Betri za risasi za wakati huo zilikuwa nzito mno kwa umeme mdogo zilioubeba, na petroli ikawashinda wote.

Sasa tuje kwenye jibu la kwanza. Mwaka 1946, Japani ilikuwa imetoka vitani ikiwa hoi. Usafiri ulikuwa shida, pesa hakuna, ila baiskeli zilikuwepo. Soichiro Honda, fundi wa mji wa Hamamatsu, alipata injini ndogo zilizobaki jeshini, zile zilizokuwa za kuzalisha umeme wa redio za mawasiliano. Akazifunga kwenye baiskeli za kawaida na kuziuza. Injini hizo zilikuwa mia kadhaa tu, na zilipokwisha, mwaka 1947 akaunda yake mwenyewe, bado ya kufungwa kwenye baiskeli. Mwaka 1949 ikaja Dream D, pikipiki kamili yenye fremu yake. Mwaka 1952 akarudi tena kwenye injini ya kuvalisha baiskeli, ile Cub F, nayo ikauzika sana. Halafu mwaka 1958 ikazaliwa Super Cub, ambayo kufikia 2017 ilikuwa imeundwa zaidi ya milioni 100.

Angalieni mtiririko huo. Kuvalisha kulikuja kwanza kwa sababu watu walikuwa na baiskeli lakini hawakuwa na pesa. Chombo kamili kilikuja baadaye, injini ilipopata nguvu kuliko fremu ya baiskeli, na kiwanda kilipoweza kutengeneza kwa wingi hadi bei ikashuka. Ufaransa nako ni hivyo hivyo, VéloSoleX ilianza kuuzwa 1946. Italia nao walikuwa na Cucciolo, injini ndogo ya kufunga kwenye baiskeli, ambayo ndiyo iliyoiingiza Ducati katika biashara ya pikipiki. Kila mahali vita vilipoacha umaskini na baiskeli nyingi, watu walivalisha.

Je, na sisi? Hapa ndipo panaponoga.

Jina boda boda limetoka mpakani Busia, miaka ya 1960. Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda kuna mwendo, na vijana wenye baiskeli wakaanza kuwabeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Walichofanya kwenye baiskeli ni kuibadilisha: kerieri ikaimarishwa, ikawekewa kiti chenye sponji, abiria akapata pa kukanyaga. Kwa hiyo boda boda ya kwanza ilikuwa ni kuvalisha! Hakuna kiwanda kilichoiunda baiskeli ya teksi. Fundi wa chini ya mti ndiye aliyeiunda.

Wazee wa Bungoma watakukumbusha pia habari za Chepkube. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin na wakulima wake walilipwa kidogo, basi kahawa ikamiminika kwa magendo kuvuka mpaka. Soko la Chepkube likawa maarufu kwa biashara hiyo. Mizigo ilipita kwa vichwa, kwa punda, na kwa baiskeli. Mamba nyeusi ikajulikana kwa ugumu wake.

Halafu sera ikaingia. Kati ya 1986 na 1989 serikali ya Kenya ilipunguza ushuru wa baiskeli kutoka asilimia 80 hadi asilimia 20, na mauzo yakaruka juu. Miaka ya 1990 boda boda za baiskeli zikajaa miji yote ya magharibi. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250. Pikipiki za India na China zikafurika, na katika miaka michache tu baiskeli ya abiria ikasukumwa pembeni.

Swali langu ni hili: kwa nini mwaka 2008 hatukufanya kama Honda? Mafundi walikuwepo, baiskeli zilikuwepo maelfu kwa maelfu. Mbona hatukuona mamba zilizofungwa injini za petroli zikijaa Bungoma? Jibu ni kwamba pikipiki kamili ilikuwa imeshakuwa nafuu, ilikuja na spea ambazo unazipata mpaka duka la kijijini, na mtu angeweza kuilipia kwa mkopo kidogo kidogo. Japani ya 1946 haikuwa na vitu hivyo vitatu. Kenya ya 2008 ilikuwa navyo. Basi kanuni yenyewe ni hii: kuvalisha kunashinda pale ambapo chombo cha msingi kipo tele na chombo kamili hakipatikani kwa bei ya watu. Mara chombo kamili kinapokuwa na bei, spea na mkopo, kuvalisha kunakufa.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hadithi hii kwa jina lingine. Unayo programu ya zamani: unaiwekea viraka, au unaiandika upya? Mwaka 1998 Netscape waliamua kuitupa kazi yao ya zamani na kuanza upya. Netscape 6 ikatoka Novemba 2000, na wakati huo Internet Explorer ilikuwa imeshawala sokoni. Joel Spolsky aliandika mwaka huo huo kwamba kuandika upya ndiyo kosa baya kuliko yote. Sawa, lakini Firefox 1.0 iliyotoka Novemba 2004 ilizaliwa kutokana na kazi ile ile mpya. Kumbe kuandika upya kulileta chombo bora, ila aliyelipa gharama hakuwepo kuvuna. Swali la kujiuliza basi ni hili: nina uwezo wa kungoja? Kampuni kubwa ilishindwa kungoja. Mtu wa boda anayekula alichopata leo atangojaje?

Nairobi nako kuna mfano mzuri, tena wa karibuni. Mwaka 2017 vijana kutoka Sweden walianzisha Opibus. Walianza na kuvalisha: walichukua magari ya utalii, wakatoa injini ya dizeli, wakaweka mota na betri. Baadaye wakageukia pikipiki na mabasi ya kuundwa upya kabisa, na mwaka 2022 wakabadilisha jina kuwa Roam. Ni njia ile ile ya Honda, ila wao waliipita kwa miaka mitano. Kuvalisha kuliwafundisha kazi, kisha wakatengeneza chao.

Haya, tumefika leo. Kitu kilichobadilika tangu enzi za Bolton ni betri. Sony waliingiza sokoni betri ya lithiamu-ioni mwaka 1991. Mwaka 2010 betri za aina hiyo ziligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa moja. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115 hivi, kwa hesabu za BloombergNEF. Hii ni bei ya viwanda wanaponunua kwa wingi, si bei ya duka la Kitale, lakini mwelekeo ndio huo. Na betri ndiyo kitu ghali zaidi kwenye baiskeli ya umeme, uwe umenunua kamili au umevalisha.

Sera nayo imeingia tena, kama ile ya 1986 na ile ya 2008. Aprili 2023 Kenya Power walianza bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa za matumizi madogo usiku, kabla ya kodi na tozo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka VAT ya asilimia sifuri kwa baiskeli za umeme, pikipiki za umeme na betri za lithiamu. Someni tena orodha hiyo. Baiskeli imetajwa, pikipiki imetajwa, betri imetajwa. Boksi la mota ya kuvalisha halikutajwa kwa jina. Sheria iliona chombo kamili, haikumwona fundi wa chini ya mti. Na sheria za kodi kwetu huguswa kila mwaka, kwa hiyo ukitaka kuagiza kitu ulizia kwanza hali ya mwaka huo.

Sasa tuingie kwenye uhandisi, maana historia peke yake haipandi mlima.

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Bungoma ni mita 1,400 hivi. Tofauti ni mita 500. Chukua mtu wa kilo 70, baiskeli na betri kilo 30, mzigo kilo 50, jumla kilo 150. Kuinua uzito huo mita 500 kunahitaji wati-saa 204. Mota haigeuzi umeme wote kuwa mwendo, tuseme asilimia 75, basi betri italazimika kutoa kama wati-saa 270 kwa ajili ya mlima tu. Ongeza msuguano wa tairi na upepo kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa: nimekadiria kama wati-saa 10 kwa kilomita. Ukipitia Webuye na Kiminini ni kilomita 80 hivi, sawa na wati-saa 800. Jumla ya kupanda kutoka Bungoma hadi Kitale bila kukanyaga pedali: zaidi ya wati-saa 1,000. Kushuka, mlima unakulipa, na unatumia kama nusu yake.

Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 ina wati-saa 720. Kwa hiyo itakushusha Bungoma vizuri na chenji ibaki, lakini haitakurudisha Kitale usipochaji na kukanyaga pia! Hata kwenye simu hatujawahi kupata utani kama huu, wa chaji inayotosha kwenda isiyotosha kurudi. Sikilizeni basi: anayesema "inaenda kilomita 60" bila kukuambia ni wapi na kwa mzigo gani, hajakuambia kitu. Gharama ya kuijaza betri hiyo ni ndogo. Ukihesabu upotevu wa chaja ni uniti 0.85 hivi, na kwa shilingi 30 kwa uniti ya nyumbani ni kama shilingi 25.

Na ile mamba yenyewe, inafaa kuvalishwa? Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nitaorodhesha.

Kwanza, gurudumu. Mamba nyingi zina rimu ya inchi 28 kwa moja na nusu, ambayo kipenyo chake pa kukalia tairi ni milimita 635. Magurudumu yenye mota yanayouzwa kama 28 au 700C mara nyingi ni milimita 622. Majina yanafanana, ila tairi ya moja haiingii kwenye nyingine. Pima, usiamini jina.

Pili, nafasi ya nyuma. Mota nyingi za gurudumu la nyuma zinataka milimita 135 kati ya masikio ya fremu, na mamba nyingi zina nafasi ndogo kuliko hapo. Chuma kinaweza kupanuliwa na fundi anayejua kazi. Na lazima kiwekwe kipande cha chuma cha kuizuia ekseli isizunguke, la sivyo siku moja mota itajing'oa ikiwa njiani.

Tatu, breki. Breki za fito za mamba ziliundwa kwa mwendo wa miguu ya binadamu. Mtu wa kawaida akikanyaga kwa muda mrefu hutoa wati 75 hadi 100. Mota hutoa 250, 500 na kuendelea. Mteremko kuelekea Webuye, mvua ya saa kumi jioni, rimu imelowa, mzigo kilo 50... Hapo fremu haina shida, shida ni kusimama. Usinunue mota kabla hujatenga pesa za breki.

Nne, betri. Kuna watu wanaokusanya seli za kompyuta kuukuu na kuziunganisha. Mwaka 2023 jiji la New York lilipiga marufuku kuuza betri zilizoundwa kwa seli zilizokwisha kutumika, baada ya mioto iliyoua watu. Kule kuna zimamoto kila kona. Wewe unachaji ndani ya nyumba wanamolala watoto. Ukivalisha, okoa pesa kwingine kokote, si hapo.

Upande wa kununua kamili una mitego yake pia. Kampuni nyingi za kubadilishana betri hubaki na umiliki wa betri. Wewe unakuwa na chombo, wao wana kinachokiendesha. Hilo si baya: bei ya kuanzia inashuka, na hofu ya betri kufa si yako. Lakini ni sawa na programu inayofanya kazi kwa seva ya mtu mwingine tu. Siku kampuni ikifunga, au kituo cha karibu kikiwa mji mwingine, unabaki na chuma. Mjini Mombasa mnamo Septemba 2023 Rais Ruto alizindua pikipiki za umeme kwa shangwe. Mtu wa Kimilili asiulize kuhusu shangwe. Aulize kituo kiko kilomita ngapi kutoka kwake.

Na kuna hili la moyoni. Nina mjomba kule Bungoma anayepeleka mikate madukani kwa mamba yake, kreti zimefungwa kwa mpira wa tairi. Magoti yake yameanza kuchoka. Kwake huu si mjadala wa teknolojia. Akinunua kamili kwa mkopo na mambo yakaharibika, anapoteza akiba na anabaki na deni. Akivalisha na mota ikafa, anaitoa, anarudishia gurudumu la zamani, kesho yake mikate inafika. Sisi wa programu tunaita hiyo njia ya kurudi nyuma, na hatuweki kitu kipya kwenye seva bila kuwa nayo. Maskini anaihitaji kuliko seva yoyote. Njia zake ni fupi, mji wenyewe ni tambarare kiasi, na jioni baiskeli inalala penye stima. Nilimwambia avalishe, gurudumu la mbele lenye mota ndogo, breki mpya kwanza, na betri yenye dhamana.

Lakini kijana wa Kitale anayetaka kubeba abiria kutwa nzima, kupanda na kushuka, nisingemwambia hivyo. Fremu ya baiskeli haikuundwa kwa kazi hiyo, na muda wake wa kukaa kwa fundi ni pesa. Huyo anunue chombo kamili, mradi spea na kituo viko ndani ya mji wake. Kama havipo, angoje au aendelee na alicho nacho.

Kwa kifupi, hatuko tena 1946, na bado hatujafika 2008. Baiskeli ya umeme kamili inashuka bei, ila spea, vituo na mikopo yake bado havijaenea mpaka vijijini kama vile vya pikipiki za petroli. Katika kipindi hiki cha katikati fundi wa chini ya mti bado ana kazi, kama alivyokuwa nayo Busia miaka ya 1960. Siku utakapoona spea za baiskeli za umeme zimetundikwa dukani Chwele pamoja na sabuni na mafuta ya taa, jua kwamba zamu ya kuvalisha imekwisha.

Mpaka siku hiyo, pimeni rimu zenu, hesabuni milima yenu, na msisahau breki. Aliyeshavalisha yake atuambie betri imedumu miezi mingapi. Tukutane wiki ijayo.